Mkono wa Serikali Ulioijenga Marekani Changa

Kila unapozuka mjadala kuhusu njia ambayo nchi maskini inapaswa kuifuata ili itajirike, Marekani huitwa kuwa shahidi wa kwanza. Husemwa kwamba nchi ile ilianza na serikali ndogo, ikawaachia wananchi wake nafasi ya kulima, kuuza na kubuni mashine, na utajiri ukaja wenyewe. Hoja hii inavutia, na ndiyo maana imedumu. Lakini kumbukumbu za nusu karne ya kwanza ya jamhuri ile, tangu Katiba ilipoanza kufanya kazi mwaka 1789 hadi Wacherokee, taifa la wenyeji asilia, walipofukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1838, zinatoa ushahidi mwingine kabisa. Siasa, upanuzi wa mipaka, vita na viwanda vilikuwa kazi moja iliyofanywa na mkono mmoja. Dola ilitumia sheria, mikopo na jeshi kugeuza ardhi ya mataifa mengine na jasho la watumwa kuwa mtaji, kisha ikaulinda mtaji huo kwa ushuru wa forodha hadi viwanda vikasimama kwa miguu yake. Anayetaka kujifunza kutoka Marekani hana budi kuitazama kazi hiyo nzima, pamoja na sehemu zake zinazostahili sifa na zile zinazostahili laana.

Tuanze na fedha. Jamhuri ilitoka kwenye vita vya uhuru ikiwa imezama katika madeni, na hati za deni walizopewa askari na wakopeshaji zilikuwa zikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza, alilishawishi Bunge mwaka 1790 libebe pia madeni ya majimbo, mzigo wote ukapita dola milioni 70. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Benki ya Marekani, na Desemba 1791 Hamilton akawasilisha ripoti yake kuhusu viwanda, akisisitiza kuwa taifa changa haliwezi kushindana na Uingereza bila ushuru na msaada wa serikali. Thomas Jefferson na James Madison walimpinga vikali, wakihofia kwamba benki na madeni vingewapa matajiri wa mijini nguvu juu ya wakulima. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania walipogomea kodi ya wiski, Rais George Washington aliwakusanyia wanamgambo wapatao 13,000 mwaka 1794. Hivyo tangu mwanzo swali lililowagawa viongozi wa Marekani lilikuwa serikali imtumikie nani. Kwamba serikali itatumia nguvu, pande zote mbili zilithibitisha kwa vitendo.

Uthibitisho mkubwa zaidi aliutoa Jefferson mwenyewe. Alishinda urais akiahidi kupunguza kodi, jeshi na deni, na kweli alivipunguza. Lakini mwaka 1803 ni yeye aliyenunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili lililokaribia kuongeza ukubwa wa nchi mara mbili, ingawa alikuwa na shaka kama Katiba ilimpa mamlaka hayo. Dola milioni 11.25 za bei hiyo zililipwa kwa hatifungani za serikali ya Marekani, zilizopitia kwa mabenki ya Baring ya London na Hope ya Amsterdam. Wakopeshaji wa Ulaya walizipokea kwa sababu Marekani ilikwisha kujijengea sifa ya kulipa madeni, yaani ule mfumo wa Hamilton ambao Jefferson alitumia miaka mingi kuushutumu. Na Napoleon aliuza kwa sababu ndoto yake ya himaya katika Amerika ilikuwa imevunjwa na watu waliokuwa watumwa katika koloni la Saint-Domingue. Wao, wakisaidiwa na homa ya manjano, waliliangamiza jeshi lake na kutangaza uhuru wa Haiti tarehe 1 Januari 1804. Marekani ilivuna matunda ya ushindi huo, lakini ilikataa kuitambua Haiti hadi mwaka 1862.

Ardhi yenyewe haikuwa tupu ikingoja wakulima. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya kaskazini-magharibi ipimwe kwa miraba ya maili 6 kwa maili 6, kila mraba ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Tunapaswa kutulia kidogo juu ya utaratibu huu. Mpimaji wa serikali alitangulia na mnyororo wake, ramani ikachorwa, karani akaandikisha, na ndipo mnunuzi akapata hati ambayo mahakama ingeilinda na benki ingeikubali kama dhamana. Huyo anayesifiwa leo kuwa mkulima aliyejitegemea alinunua kutoka serikalini kitu ambacho serikali ndiyo iliyokitengeneza. Na kabla ya mpimaji alitangulia askari. Katika eneo la Ohio, muungano wa Wamiami, Washawnee na wenzao chini ya Little Turtle na Blue Jacket uliua zaidi ya watu 600 wa jeshi la Jenerali St. Clair tarehe 4 Novemba 1791, pigo kubwa kuliko yote ambayo wenyeji asilia waliwahi kulipiga jeshi la Marekani. Serikali haikuwaachia walowezi wajipiganie. Iliunda jeshi jipya chini ya Anthony Wayne, likashinda pale Fallen Timbers Agosti 1794, na mwaka uliofuata Mkataba wa Greenville ukachukua sehemu kubwa ya ardhi ya Ohio. Miaka minane baadaye Ohio ikawa jimbo.

Vita vya mwaka 1812 vinaonyesha jambo hilohilo kwa upana zaidi. Bunge lilipiga kura za kuingia vitani dhidi ya Uingereza, 79 kwa 49 katika Baraza la Wawakilishi na 19 kwa 13 katika Seneti. Sababu zilizotajwa zilikuwa mabaharia waliokamatwa kwa nguvu kutumikia manowari za Kiingereza, vizuizi vya biashara, na tuhuma kwamba Waingereza waliwapa silaha wenyeji wa magharibi. Kwa upande wa Uingereza, vita viliishia pale vilipoanzia. Kanada haikutekwa, Washington ilichomwa moto Agosti 1814, na Mkataba wa Ghent haukubadili mipaka. Walioshindwa ni wengine. Tecumseh, kiongozi wa Washawnee aliyejaribu kuyaunganisha mataifa ya wenyeji, aliuawa Oktoba 1813. Kusini, Andrew Jackson aliwashinda wapiganaji wa Creek pale Horseshoe Bend Machi 1814, wakafa zaidi ya 800, kisha akalilazimisha taifa lao litoe takriban ekari milioni 23. Katika ekari hizo zilikuwamo ardhi za Wacreek waliopigana upande wake. Mkataba wa Ghent uliahidi kuwarudishia wenyeji haki walizokuwa nazo mwaka 1811, lakini ahadi hiyo haikutekelezwa. Mwaka 1819 Alabama ikawa jimbo, na mashamba ya pamba yakaenea kwenye ardhi iliyonyang'anywa miaka mitano tu kabla.

Vita hivyo ndivyo pia vilivyozaa viwanda. Samuel Slater alikuwa amekwisha kusimamisha mashine za kusokota pamba huko Pawtucket, Rhode Island, mwaka 1790, akitumia ujuzi aliotoka nao Uingereza kinyume cha sheria za nchi hiyo. Lakini vinu vya nyuzi vilibaki vichache hadi Jefferson alipofunga biashara ya nje Desemba 1807, na vita vikafuata. Bidhaa za Uingereza zikaadimika, na wafanyabiashara ambao meli zao zilikuwa zimefungwa gatini wakatafuta mahali pengine pa kuweka fedha. Mwaka 1813 Francis Cabot Lowell na wenzake wa Boston wakaanzisha huko Waltham kiwanda kilichosokota na kufuma chini ya paa moja. Amani iliporudi, nguo za bei rahisi kutoka Uingereza na India zikamiminika upya, na Lowell akaenda Washington kuomba kinga. Sheria ya mwaka 1816 ikampa. Ilitoza asilimia 25 kwa nguo za pamba, lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kilichosema kuwa kitambaa chochote cha bei ya chini ya senti 25 kwa yadi ya mraba kitahesabiwa kana kwamba kina bei ya senti 25. Maana yake ni kwamba kitambaa cha India cha senti 6 kililipiwa ushuru wa senti 6 na robo, zaidi ya thamani yake yote. Nguo nzito ya kawaida ya India ikafungiwa mlango, na hiyo ndiyo hasa nguo iliyokuwa ikifumwa Waltham. Miongoni mwa waliotetea sheria hiyo alikuwemo John C. Calhoun wa South Carolina, ambaye baadaye angekuwa adui mkubwa wa ushuru.

Mashine zenyewe zililelewa na fedha za umma. Eli Whitney anakumbukwa kwa mashine ya kuchambua pamba ya mwaka 1793, ambayo haikumpatia faida kubwa kwa sababu kila fundi aliiiga. Kilichomwokoa ni mkataba wa serikali wa mwaka 1798, bunduki 10,000 kwa dola 134,000, na malipo ya awali juu yake. Aliahidi kuzimaliza kwa miaka miwili, akazimaliza mwaka 1809, na serikali ikamvumilia muda wote huo. Simeon North alipewa mwaka 1813 mkataba wa kutengeneza bastola ambazo vipande vyake vingeweza kubadilishana, na huko Harpers Ferry, katika karakana ya silaha ya serikali, John Hall akalifanikisha wazo hilo kwa bunduki zake. Hakuna mfanyabiashara binafsi wa wakati ule ambaye angengoja miongo miwili na zaidi ili ujuzi wa aina hiyo ukomae. Jeshi lilingoja kwa sababu lilikuwa na hazina ya taifa nyuma yake. Mafundi waliopita katika karakana hizo waliupeleka ujuzi wao baadaye kwenye viwanda vya saa, cherehani na zana nyingine.

Pamba iliyolisha viwanda hivyo ililimwa na watumwa. Mwaka 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000, na ilipofika 1860 walikaribia milioni nne. Uingizaji wa watumwa kutoka nje ulipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1808, lakini biashara ya ndani ikashamiri. Watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland kwenda mashamba mapya ya kusini, waume wakitenganishwa na wake zao na watoto na mama zao. Hili nalo lilihitaji dola. Katiba iliagiza mtumwa aliyetoroka arudishwe, mahakama zilimtambua mtu kuwa mali iliyoweza kuwekwa rehani, na jeshi ndilo lililofungua ardhi aliyopelekwa kuilima. Kuanzia katikati ya miaka ya 1830 pamba ilileta zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo yote ya nje ya Marekani.

Pwani yetu iliijua nguo iliyotoka katika mfumo huo. Merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa Massachusetts, kiliingia Zanzibar kwa meli za Salem na kupanda bara hadi Tabora na Ujiji, kikitumika kama vazi na kama fedha ya kulipia hongo njiani. Meli zilirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Mkataba ulioifungua biashara hiyo ulitiwa saini na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts na Sultani Sayyid Said tarehe 21 Septemba 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Mkataba uliweka ushuru wa asilimia 5 tu kwa shehena iliyoshushwa na Wamarekani, bila tozo nyingine juu yake. Linganisha na ile sheria ya 1816. Serikali iliyowatoza Wahindi zaidi ya thamani ya kitambaa chao ili Waltham ipate kukua, ndiyo iliyoomba kwa Sultani soko lililo karibu wazi kabisa kwa kitambaa cha Waltham na wenzake. Soko huria lilidaiwa kwa mwenzake baada ya kiwanda cha nyumbani kukua chini ya kinga.

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili majibu. Ya kwanza ni kwamba serikali ya shirikisho ilikuwa ndogo kweli: kodi zake hafifu, jeshi lake dogo wakati wa amani, watumishi wake wachache. Ni kweli, na wengi wa watumishi hao walikuwa wa posta. Lakini posta yenyewe ni ushahidi. Sheria ya mwaka 1792 iliyaruhusu magazeti kusafirishwa kwa bei ndogo mno, na ilipofika 1831 watumishi wa posta walikuwa zaidi ya 8,000, wakiunganisha soko na siasa za bara zima. Majimbo nayo yalifanya yaliyoshindikana Washington. New York ilichimba Mfereji wa Erie kati ya 1817 na 1825, maili 363 kwa gharama ya dola milioni 7 hivi, na nauli ya tani moja kutoka Buffalo hadi jiji la New York ikaporomoka kutoka takriban dola 100 hadi chini ya dola 10. Serikali ya shirikisho ilionekana ndogo kwa mlipakodi Mzungu kwa sababu mapato yake yalitoka zaidi kwenye forodha na uuzaji wa ardhi, na sehemu kubwa ya gharama iliangukia watu ambao hawakuwa na kura.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema ubunifu na bidii ya wananchi ndiyo iliyokuwa injini, na kwamba pamba ilikuwa sehemu ndogo tu ya pato la taifa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wakulima wa kaskazini walikuwa na kipato cha kununua bidhaa, mafundi walikuwa hodari, na wasichana wa vijijini waliofanya kazi katika vinu vya mji wa Lowell walichoka kwa saa zaidi ya kumi na mbili kwa siku. Bila wao kusingekuwa na kiwanda. Lakini bidii huzaa utajiri inapopata ardhi yenye hati, mkopo, soko na mashine, na hivyo vyote vilipita mikononi mwa dola. Kuhusu pamba, kuihesabu kama asilimia ya pato peke yake kunaficha kazi yake. Fedha za kigeni zilizopatikana kwa pamba zililipia bidhaa zilizoagizwa, ushuru wa bidhaa hizo ukaijaza hazina, na hazina ikalipa madeni, karakana za silaha na majeshi ya mpakani.

Hoja ya tatu husema mataifa yote yenye nguvu yalifanya hivyo, na si haki kuwahukumu watu wa kale kwa maadili ya leo. Jibu limo katika sauti za wakati uleule. Mwaka 1829 David Walker, mwandishi Mweusi wa Boston, alichapisha wito wake wa kuulaani utumwa. Mswada wa kuwahamisha wenyeji asilia ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1830 kwa kura 102 dhidi ya 97 baada ya Seneta Theodore Frelinghuysen kuupinga kwa hotuba iliyochukua siku tatu. Wacherokee wenyewe walikuwa na maandishi yaliyobuniwa na Sequoyah, katiba ya mwaka 1827 na gazeti lao lililoanza 1828. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika ardhi yao. Uamuzi ukapuuzwa. Mkataba uliosainiwa na kundi dogo lisilowawakilisha ukapitishwa na Seneti kwa kura moja tu ya ziada mwaka 1836, na mwaka 1838 askari wakawatoa majumbani watu wapatao 16,000, ambao yakadiriwa 4,000 kati yao walikufa kambini na njiani. Kura tano za Wawakilishi na kura moja ya Seneti zaonyesha kuwa njia nyingine ilijulikana na ilitetewa, na waliokuwa madarakani waliikataa kwa hiari.

Basi je, sifa za viwanda zaweza kutenganishwa na dhuluma hiyo? Naamini zaweza. Ushuru, posta, mifereji, vipimo vya ardhi na mikataba ya silaha havikuhitaji mtu afungwe minyororo. Kabla ya mwaka 1880, miaka isiyozidi kumi na mitano baada ya utumwa kufutwa, mavuno ya pamba ya Marekani yalikuwa yamepita yale ya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa wakulima Weusi waliilima kwa masharti magumu ya kukodi ardhi. Utumwa uliwatajirisha wenye mashamba, lakini haikuwa kweli kwamba bila huo pamba isingelimwa. Kwa hiyo nchi inayoijenga sekta yake ya viwanda leo ina haki ya kuuliza mshauri anayeitaka ifungue mipaka yake yote: Marekani yenyewe ilifungua lini? Na ina wajibu wa kuuliza serikali yake, kabla ya kupima ardhi na kuigawa kwa mwekezaji, ni nani anayeishi juu yake na kama amekubali. Dola yenye nguvu ndiyo iliyoijenga Marekani, na dola hiyohiyo iliamua nani alipe gharama. Nchi itakayoiga la kwanza bila kujizuia na la pili haitakuwa imejifunza chochote.